Kiangazi Tulipojifunza Moto

2 Juni, Mwamgongo

Bwana Rodgers, mkufunzi wetu, amempa kila mmoja daftari na amri moja: kila asubuhi na kila mchana tuandike joto, unyevu na upepo unakotoka. Mistari mitatu inatosha, alisema. Mimi nimekaa jeshini miaka ishirini na miwili, yote kwenye mawasiliano, na sijazoea kuacha karatasi tupu. Hali ya hewa nitaiandika kurasa za mbele. Huku nyuma nitaandika watu.

Nianze na mimi. Naitwa Elida, sajini mstaafu, umri miaka arobaini na minne, mkazi wa Gungu. Nilistaafu mwaka jana. Miezi mitatu ya kwanza nililala. Miezi mitatu iliyofuata nikahamia kwenye jiko la mama yangu, nikapanga vijiko vyake kwa urefu na kumwekea zamu za kuosha vyombo, mpaka akaniambia kwa upole kwamba yeye hakuwahi kujiunga na jeshi. Lilipotoka tangazo la mradi wa misitu unaotafuta askari wastaafu kumi na wawili, wafunzwe kuzima moto wa porini na kutunza misitu ya vijiji, mama ndiye aliyenisindikiza Kibirizi kupanda boti. Alisubiri mpaka tukaondoka. Nadhani alitaka kuwa na uhakika.

Kambi yetu ni mahema manne kwenye michikichi, hatua mia kutoka majini. Nyuma ya kijiji mlima unapanda kama ukuta: mgongoni nyasi ndefu zimeanza kukauka, makorongoni misitu bado kijani. Kwenye korongo kubwa ndiko kiliko chanzo cha maji cha kijiji kizima.

Katika sisi kumi na wawili, mkubwa kwa cheo ni Sajinitaji mstaafu Hamdani, mtu wa Ujiji, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Jeshini alinizidi, kwa hiyo bado namwita Afande. Bwana Rodgers ana miaka ishirini na minane na ametoka Mufindi, kwenye mashamba ya misonobari. Ni mwembamba na kofia yake ni kubwa kuliko mabega yake. Hamdani alimtazama akishuka kwenye boti, akauliza kwa sauti ya kusikika kama huyu ndiye tuliyeambiwa atatufunza.

5 Juni

Kufyeka. Malengelenge mikono yote miwili. Hamdani hana hata moja.

9 Juni

Leo darasa la kwanza la moto wenyewe. Hamdani aliuliza adui huyu anashambuliwa ubavuni au usoni. Tukacheka, lakini Bwana Rodgers hakucheka. Alisema moto hauna akili, hauna hasira, wala hautaki kitu. Unakula kilicho mbele yake, na ukipata mlima unapanda haraka kuliko mtu. "Kwa hiyo usiuite adui," alisema. "Adui unaweza kumtisha."

Sikupenda alivyotusema, ila nimeiandika kwa sababu ni kweli.

14 Juni

Nimewasha moto porini kwa mikono yangu, kwa amri ya serikali ya kijiji, na nimelipenda jambo hilo kuliko ninavyopaswa kukiri.

Kuchoma mapema ni hivi. Mwezi huu nyasi zimekauka juu, chini bado zina unyevu. Ukichoma asubuhi, upepo ukishuka kutoka mlimani, moto unatembea polepole kama mzee anayetoka msikitini. Unakula nyasi, miti unaiacha. Mwezi wa tisa, moto mkubwa ukija, unakuta pale hakuna cha kula. Tumechoma ukanda mrefu mgongoni mwa mlima, juu ya chanzo cha maji. Sisi tulijipanga mstari pande zote mbili na vipigio, zile fimbo zenye kipande cha mpira wa gari mwishoni, na mabomba ya maji mgongoni. Saa tano tulikuwa tumemaliza. Nyuma yetu kulibaki njia nyeusi inayotoa moshi mwembamba, na miti imesimama juu yake bila kudhurika.

Hamdani alifanya kazi ya watu wawili. Hilo lazima niliseme.

22 Juni

Wanakijiji wanatusalimu sasa. "Mwakeye," nasi tunajibu vivyo hivyo, hata wale wenzetu waliotoka Tabora. Wote wanatupa onyo lilelile: tukitaka kuzuia moto, tumkamate Mzee Antoni. Ni mrina asali anayeishi peke yake juu kabisa, karibu na msitu wa mizinga. Kila moto wa miaka kumi iliyopita, ukiuliza nani aliwasha, jibu ni Antoni. Nimeuliza kama kuna aliyemwona. Hakuna, ila kila mtu anajua.

Hamdani anasema tumfuate tumbane. Bwana Rodgers amekataa.

1 Julai

Bwana Rodgers amechagua kiongozi wa kikosi. Ni mimi.

Tulikuwa tumepewa zoezi la moto wa kubuni, vitambaa vyekundu vimefungwa kwenye vichaka, kila mmoja aeleze angefanya nini. Hamdani alieleza vizuri, kwa mpango, kama anasoma ramani ya vita. Mimi niliuliza tu watu wangu wako wapi na nitawasikiaje. Sikudhani ni jibu. Ni tabia ya mtu aliyekaa na redio sikioni miaka ishirini na miwili.

Hamdani alinipa mkono mbele ya wote, akasema, "Hongera, Sajini." Chakula cha jioni alikula peke yake, amegeukia ziwa.

4 Julai

Upepo asubuhi kutoka mlimani, mchana kutoka ziwani. Kama jana, na kama juzi.

5 Julai

Vilevile.

19 Julai

Nimekuwa nikimdharau Bwana Rodgers kwa jambo moja: anatuhesabu. Tukipanda anahesabu, tukishuka anahesabu, tukienda kuoga anahesabu. Leo nilimtania kwamba hata mwalimu wa chekechea hahesabu hivyo.

Tulikuwa tunanoa mafyekeo, sisi wawili tu. Akanieleza kwamba akiwa mwanafunzi wa mafunzo kazini walikwenda kuzima moto shambani, vibarua ishirini na saba. Walirudi ishirini na wanne. Kiongozi wao hakujua kuna watu wamebaki mpaka jioni, kwa sababu hakuna aliyehesabu. Watatu hao walikuwa wakimalizia kipande cha mstari, ule ukanda unaofyekwa kuuzuia moto, kimebaki kidogo tu.

Alieleza bila kunyanyua macho kwenye tupa. Niliendelea kunoa. Kesho nitahesabu mimi.

6 Agosti

Nimepanda kwa Mzee Antoni, peke yangu, saa mbili na nusu za kupanda. Nilikwenda nikiwa na maneno yangu tayari, makali.

Nilimkuta anachonga mzinga wa gogo kwa tezo. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama nimekuja kumkamata au kunywa maji. Nikasema maji. Akanipa, halafu akanitembeza msituni kwake. Mizinga kumi na tisa, kila mmoja juu ya mti wake, na chini ya kila mti amefyeka nyasi duara pana, safi kama ua wa nyumba. Mtu mwenye mizinga kumi na tisa mitini hawashi moto mwezi wa tisa. Hata kuruta angeliona hilo. Kijiji kimeishi naye miaka yote hiyo na hakuna aliyepanda kuangalia.

Nilimuuliza kwa nini hajitetei. Akasema, "Nimewaambia mara mbili. Mtu akikuambia mara mbili na hujamsikia, mara ya tatu ya nini?"

Anaujua upepo kuliko kifaa chetu. Ameniambia kuna siku, mwisho wa kiangazi, ule wa ziwani unakata ghafla mchana, kimya, majani hayatikisiki. Halafu wa kusini unaingia na kupita ubavuni mwa mlima. "Hiyo siku usiwe na mtu kwenye nyasi," alisema. Nimemwomba awe anashuka kambini kutufunza. Amesema atafikiri.

7 Agosti

Amekuja. Amekuja na asali. Hamdani hakuigusa.

21 Agosti

Joto digrii thelathini na mbili, unyevu unashuka kila siku. Nyasi zikikanyagwa zinalia kama karatasi. Nimempigia mama. Anasema vijiko ameviacha vile nilivyovipanga.

30 Agosti

Kazi ya mwisho ya kuchoma msimu huu: ukanda mwembamba juu ya mashamba ya muhogo, upande wa kusini wa korongo. Tumechelewa kidogo, lakini asubuhi ilikuwa tulivu na wenye mashamba walikuwa wakitusubiri tangu Julai. Ulikwenda vizuri. Mimi ndiye niliyekagua, nikatia sahihi kwenye fomu: umezimwa wote.

8 Septemba

Bwana Rodgers ana malaria. Jean, mwenye boti, amempeleka mjini leo asubuhi. Aliponikabidhi redio alitetemeka kwa homa, lakini alituhesabu wote kabla ya kupanda.

10 Septemba

Naandika ya jana. Nitaandika yote, polepole.

Saa saba mchana tuliona moshi upande wa kusini wa korongo, juu ya mashamba. Upepo ulikuwa wa ziwani, unausukuma moto moja kwa moja kupanda. Tulikuwa na mambo mawili ya kulinda. Chini kulia, chanzo cha maji. Juu kushoto, msitu wa mizinga ya Antoni. Nikagawa watu. Hamdani na watatu wakapanda kushoto kufyeka mstari kati ya moto na msitu. Mimi na saba tuliobaki tukashika upande wa maji, mgongo wetu ukiegemea ule ukanda tuliouchoma Juni. Pale hapakuwa na nyasi, palikuwa salama. Antoni alishuka mbio kutoka kwake, akasimama pembeni yangu. Nilimwambia Hamdani kwenye redio: ikibidi, njia ya kwanza ya kutoka ni kurudi kwenye ukanda mweusi, ya pili ni kushuka korongoni. Akajibu amenipata.

Kwa saa nzima na nusu tulikuwa tunashinda. Lazima niandike hivyo, maana ni kweli. Mstari wa Hamdani ulikuwa unakwenda kama umepigwa kwa rula. Nilijisikia kama siku zangu nzuri za kazi: sauti zote nazisikia, kila mtu najua alipo.

Saa tisa kasoro upepo ukakata.

Antoni alinishika mkono. Alitazama majani, kisha akatazama juu kwenye mizinga yake. "Ndiyo huo," alisema. "Watoe watu."

"Mstari bado kidogo ufike msituni, Mzee. Wakitoka sasa, mizinga yako imekwenda."

"Naijua iliko. Watoe."

Nikatoa amri ya kurudi. Watatu walikuja, niliwaona wakikimbia kwenye nyasi, mwenzetu Gervasi akiwa mbele. Nikahesabu. Kumi na mmoja pamoja nami.

"Afande Hamdani, uko wapi?"

"Nimebakiza hatua hamsini. Namalizia."

"Acha mstari. Rudi sasa."

"Hatua hamsini, Sajini. Siwezi kuacha hatua hamsini."

Niliita tena, akanyamaza. Upepo wa kusini ukaingia kama mtu aliyefungua mlango. Moto uliokuwa unapanda mlima uligeuka wote ubavuni, na njia ya kurudi kwenye ukanda mweusi ikafungika mbele ya macho yangu, kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kuandika sentensi hii.

Gervasi aliweka bomba chini na kuanza kwenda. Nilimshika mkanda. Alinikaripia, akasema yule ni mwenzetu. Nikamwambia najua ni nani, na kwamba nikimwachia yeye nitakuwa na wawili mle ndani badala ya mmoja. Gervasi ana nguvu mara mbili yangu. Angeweza kujinasua. Hakujinasua, na nitamheshimu kwa hilo mpaka nife.

Kulikuwa na jambo jingine la kuamua, na nilikuwa peke yangu nalo. Tungeweza kuwasha moto wa kuukabili, kutoka ukanda mweusi kuelekea ule mkubwa, ikutane njiani ikose cha kula. Tukiuwasha dakika ile, tungeokoa maji na pengine nusu ya msitu. Lakini Hamdani alikuwa katikati. Wote walinitazama, viberiti mkononi. Nikasema hakuna anayewasha kitu.

Redio ikakohoa. "Sioni," Hamdani alisema. Sauti haikuwa ya gwaride tena.

Nilimpa Antoni redio. Aliishika kwa mikono miwili, akaongea taratibu, kama anamwelekeza mgeni njia ya kwenda sokoni. "Mwanangu, usipande. Geukia kushoto kwako. Kuna mti wa mninga umeanguka, upite. Utasikia maji. Huyasikii sasa, utayasikia. Shuka hata kwa kuviringika. Chini kuna mwamba mpana, hauna nyasi. Lala juu yake, uso kwenye maji."

Nilihesabu mpaka mia tatu na arobaini. Moto uliingia msituni. Tulisikia magogo yakipasuka, na Antoni pembeni yangu hakugeuza kichwa kuangalia.

"Niko kwenye mwamba," redio ikasema.

Nikasema washeni. Tukawasha, sote kumi na mmoja, kwa mstari mmoja, na moto wetu ukatambaa kwenda kukutana na mwingine. Ilipokutana ilisimama juu kama wanyama wawili wanaopigana, halafu ikaanguka pamoja. Saa kumi na moja chanzo cha maji kilikuwa salama, na miti yake ya kijani imekizunguka.

Msitu wa mizinga haupo. Kumi na tisa yote.

Hamdani tulimkuta mwambani. Viatu vimeyeyuka soli, nyusi hana, mikono imeungua kwa kushika nyasi zilizokuwa zinawaka alipokuwa anashuka. Jean alimpeleka mjini kabla giza halijaingia. Kumi na wawili, wote hai.

11 Septemba

Nina hasira na Hamdani kiasi cha kutoweza kula.

14 Septemba

Nimekwenda Kigoma kumwona hospitalini. Nilipanga kumweleza kila nilichoandika hapa. Mkewe, Shadia, alikuwa anamlisha uji kwa kijiko, na yeye anafungua mdomo kama ndege. Mikono yote imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko.

Shadia alitoka nje akatuacha. Hamdani alisubiri mlango ufungwe. Kisha akasema aliisikia kila amri yangu. Redio ilikuwa nzima. Akasema tangu astaafu kila mtu anamwambia aache, apumzike, awapishe wengine, na siku ile aliona hatua hamsini zilizobaki akajiambia hizi angalau nitazimaliza.

"Halafu nikamsikia mzee akinielekeza," alisema, "na mizinga yake ilikuwa inaungua juu yangu. Mimi hata asali yake sikuionja."

Hasira iliniisha nikiwa bado naitafuta. Mimi ndiye niliyepanga vijiko vya mama kwa urefu. Nilichukua bakuli nikammalizia uji.

16 Septemba

Kijijini wanasema ni Antoni. Eti alichoma kwa bahati mbaya, eti alichoma kwa makusudi. Hata baada ya kupoteza kila kitu.

Bwana Rodgers amerudi, amekonda zaidi. Leo alinichukua tukautafute mwanzo wa moto. Alinifundisha kuusoma: mawe yanaungua upande ule moto ulikotokea, mabua ya nyasi yakianguka vichwa vinaelekea kule ulikotoka. Tulishuka alama kwa alama, saa tatu nzima, yeye mbele. Niliona anapunguza mwendo kabla sijaelewa kwa nini.

Alama zilitufikisha kwenye ukanda wetu wa tarehe thelathini Agosti. Pembeni yake kulikuwa na kisiki kikubwa, kimeliwa mpaka mizizini, shimo lenye majivu meupe. Moto ulikaa humo chini siku kumi, kimya, ukitembea kwenye mizizi, mpaka ukatokea kwenye nyasi.

Kisiki hicho nilikipita. Nilikitazama kwa macho tu, nikaona hakitoi moshi. Sikupiga magoti nikatia mkono kwenye majivu. Sahihi ni yangu.

Tulikaa chini. Bwana Rodgers alisema ripoti itakwenda kwa wafadhili na wilayani, na kwamba mradi huu ni wa majaribio. Hakuniambia nifiche. Aliniuliza tu, "Niandike nini?"

Niliwafikiria wenzangu kumi na mmoja na vyeti wanavyovisubiri. Nikamfikiria Antoni akishutumiwa mara nyingine, safari hii kwa sahihi yangu.

"Andika ulichokiona," nikamwambia. "Kijiji nitakiambia mimi, kabla hawajasoma popote."

18 Septemba

Mkutano wa kijiji, mbele ya ofisi ya mtendaji. Watu wengi kuliko harusi. Mwenyekiti, Mama Bibiana, alikuwa ameanza kumwita Antoni asimame ajieleze. Nikaomba kusema kwanza.

Sikupamba. Nilisema moto ulianzia kwenye kazi ya kikosi, niliyeikagua ni mimi, sikuikagua sawasawa, na nikaandika kwamba nimeikagua. Nilisema Mzee Antoni alikuwa wa kwanza kutuambia tutoe watu, huku akijua anapoteza mizinga yake, na kwamba ndiye aliyemtoa Hamdani hai. Nikakaa. Sauti haikutetemeka. Kwa hilo najisifu.

Walisema maneno mengi. Mmoja alisema tufungashe turudi mjini. Mwingine akasema maji bado yanatoka bombani, hilo nalo lihesabiwe. Mama mmoja mzee alisimama akasema neno kwa Kiha, na Mama Bibiana akalirudia kwa Kiswahili ili wote wasikie: miaka kumi nimemwita Antoni mchomaji, na hakuna siku niliyosimama kama huyu.

Antoni aliondoka kabla ya uamuzi.

Kijiji kimeamua tubaki, kwa sharti kwamba hakuna moto tutakaowasha tena bila yeye kuwepo. Kama atakubali.

19 Septemba

Asubuhi alikuwa kambini, amekaa juu ya gogo la mninga, tezo mbili miguuni. Nilipiga magoti nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa tezo moja na kusema mzinga haujichongi.

3 Oktoba

Mizinga sita. Wa kwangu umepinda. Antoni anasema nyuki hawana rula.

11 Oktoba

Wilayani wameijibu ripoti. Sehemu kubwa ni maneno makali, na nimestahili. Lakini mwisho wameandika kwamba mafunzo yaendelee, na kwamba kuanzia sasa kila fomu ya kuzima itiwe sahihi na watu wawili, siku tatu mfululizo. Bwana Rodgers amenisomea mara mbili. Anasema hakuna mradi wowote anaoujua wenye sheria hiyo.

26 Oktoba

Mvua ya kwanza, saa nane mchana. Tulitoka mahemani tukasimama mvuani kama watoto. Mizinga kumi na tisa iko mitini, kwenye msitu wa ng'ambo ya korongo ambao haukuungua. Miwili tayari ina nyuki.

5 Novemba

Vyeti tumepata, wote kumi na wawili. Hamdani alipokea chake kwa kukibana kati ya viganja, maana vidole bado havikunjiki. Ajira ni mwaka mzima: miche, doria, na kiangazi kijacho moto. Mimi ni mkufunzi msaidizi. Hamdani hawezi kushika fyekeo, na nilidhani atakataa atakachopewa. Alikuja kwangu mwenyewe, akaniita kiongozi, mara ya kwanza. Akaomba afundishe somo la kurudi nyuma.

Leo kundi la pili limefika. Wastaafu wanane, wameruka kutoka kwenye boti ya Jean na mabegi yao, vifua mbele, kama tulivyokuwa sisi. Nilibaki nyuma na Antoni na Bwana Rodgers, nikiwahesabu. Mmoja wao, koplo wa zamani mwenye kicheko kikubwa, alikwenda moja kwa moja kwa Hamdani kumpa mkono, akaiona ile ngozi ya waridi iliyokunjamana mpaka kwenye viwiko. Akapiga saluti, akamuuliza kwa heshima Afande alipigwa na bomu nchi gani.

"Si bomu," Hamdani alimjibu. "Ni ukaidi. Weka begi chini, nikueleze."